Kulala Ufukweni, Kula Sokoni: Siku Tatu Bagamoyo

Kwa familia inayotoka Dar es Salaam, Bagamoyo iko umbali wa kilomita 70 hivi, na swali la kwanza ni iwapo mtu alipie hoteli ya ufukweni pamoja na milo yote, au achukue chumba na kifungua kinywa tu. Sisi tulichagua njia ya kwanza, nami naijutia. Chumba kilikuwa safi na chandarua hakikuwa na tundu hata moja, lakini chakula cha jioni kilikuwa kilekile siku zote mbili: kuku wa kukaanga na chipsi zilizopoa, ilhali wavuvi walikuwa wakishusha samaki karibu na hapo.

Siku ya tatu tuliacha mlo tuliokwisha kuulipia, tukaenda soko la samaki. Mama mmoja alimpasua changu mbele yetu, akampaka chumvi na ndimu, akamtumbukiza katika karai la mafuta yaliyokuwa yakichemka juu ya kuni, kisha akatuandalia na kachumbari. Ngozi ilikauka vizuri na nyama ya ndani ilibaki laini; wanangu, ambao hotelini walikuwa wakibakiza nusu sahani, waligombea hata kichwa.

Anayependa kuogelea aulize kwanza saa za maji kujaa, kwa kuwa yakipwa bahari husogea mbali sana. Magofu ya Kaole, mabaki ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Bagamoyo, yanafaa kutembelewa asubuhi, kabla ya jua kali. Nikirudi, nitachukua chumba bila milo, karibu na Mji Mkongwe wa Bagamoyo, ili sokoni twende kwa miguu.