Crown ya cc 2,500 kutoka Dar hadi Dodoma: lita moja inakwenda kilomita ngapi?

Pampu imekata. Dada, asante, usiongeze tena, hapo hapo. Sogeza kamera wadau waone mita: lita 37.1. Sasa njoo huku kwenye dashibodi, soma tripu: kilomita 438. Gawanya na wewe hapo ulipo. Kilomita 11.8 kwa lita moja. Toyota Crown Athlete ya mwaka 2006, V6, cc 2,500, watu watatu ndani, mabegi kwenye buti, na AC haijazimwa tangu Mbezi.

Habari zenu wadau, karibuni. Niko Dodoma, nimeingia sasa hivi, na hii ndiyo video mliyoniomba muda mrefu. Kila nikiweka picha ya gari hili swali ni moja: "Kaka, hiyo Crown inakula?" Na wanaojibu kwenye vijiwe wengi hawajawahi kupima. Mmoja anasema inakwenda kilomita 6, mwingine anasema 15. Wote wawili wanaapa.

Kwanza niwaeleze nimepimaje, maana namba bila kipimo haina kazi. Nimejaza fuli sheli ya Mbezi saa kumi na moja alfajiri, pampu ilipokata mara ya kwanza nikaacha, nikaweka tripu sifuri. Hapa nimefanya vilevile. Geji ya mafuta sikuiangalia kabisa, geji inaeleza kama una mafuta au huna, basi. Hata hii skrini yenye maandishi ya Kijapani sikuiamini: tangu Gairo ilikuwa inaniambia 12.6, na pampu imesema 11.8. Ukiona mtu amepiga picha skrini na kukuambia hiyo ndiyo hesabu, mwombe risiti ya sheli.

Jambo la pili ni tairi. Athlete hii imetoka kiwandani na 225/45 rimu 18, na ndizo zilizopo. Royal Saloon, toleo jingine la Crown hii hii, ilikuja na 215/60 rimu 16. Sasa kuna watu wanafunga 215/55 kwenye Royal kwa sababu ndiyo iliyopatikana dukani. Tairi hiyo ni fupi kwa kama asilimia 3, kwa hiyo inazunguka mara nyingi zaidi, na dashibodi inakuhesabia kilomita 100 wakati umetembea kama 97. Gari limeonekana halili, kumbe ni kilomita za bure.

Haya, safari yenyewe. Kimara hadi Kibaha siku hizi ni raha, njia nane, unaweka mwendo mmoja. Baada ya hapo mnajua wenyewe: malori, matuta, vibao vya 50 kila kijiji, na tochi za trafiki. Mlandizi, Chalinze, Morogoro, Dumila, Gairo, Kibaigwa. Nje ya vibao nilishika 90, sikuzidisha. Ukifuata lori ukaona upenyo ukakanyaga, gia inashuka mbili kwa mpigo na injini inanguruma. Hapo ndipo mafuta yanapokwenda. Kwa hiyo nilikuwa naacha nafasi kubwa mbele, nikiona mbele kweupe naongeza taratibu nikiwa bado nyuma, nikimfikia tayari nina mwendo. Mke wangu shahidi, hakuna kilichomwagika.

Kwa nini gari zito hivi, lenye mitungi sita, linatoa karibu 12? Kwa sababu kwenda 90 kwenye tambarare hakuhitaji nguvu nyingi. Upepo na msuguano wa tairi kwa pamoja vinadai farasi 15, tuseme hadi 20. Injini hii, 4GR-FSE, ina farasi 215. Inatembea imelala. Ukiwa gia ya sita kwenye 90 au 100 mshale wa mizunguko uko chini ya elfu mbili, na injini yenyewe ni ya kisasa kwa umri wake: petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, na mgandamizo ni 12 kwa 1. Linganisha na Mark II GX110 yenye injini ya 1G, cc 2,000 na gia nne. Cc zake ni ndogo, lakini kwenye mwendo wa safari injini inazunguka zaidi, na mwisho wa safari hamuachani kama ulivyotarajia. Mark X ya GRX120 yenye cc 2,500 ina injini hii hii, kwa hiyo mwenye Mark X haya yanakuhusu.

Kuna jambo moja wengi hawalihesabu: Dodoma iko juu. Dar ni usawa wa bahari, huku ni zaidi ya mita 1,100. Gari hili na sisi ndani ni karibu kilo 1,850. Kunyanyua mzigo huo mita 1,100 peke yake kunakula petroli ya kama lita mbili. Kwa hiyo ukimwona mtu analalamika safari ya kwenda imekula, mwulize ya kurudi.

Na kurudi nimepima; kuanzia hapa narekodi nikiwa nimesharudi Dar. Tulirudi Jumapili, barabara ile ile, watu wale wale, 90 ile ile. Mbezi pampu ilikata kwenye lita 34.1. Hiyo ni kilomita 12.8 kwa lita. Chukua kwenda na kurudi pamoja, lita 71.2 kwa kilomita 876, unapata 12.3. Lexus IS250 iliyouzwa Marekani ikiwa na injini hii na gia otomatiki, kipimo cha serikali yao cha barabara kuu kilikuwa maili 29 kwa galoni, na ukigeuza unapata 12 na ushee kwa lita. Nilipoona hesabu zimekutana nilifurahi sana, maana gari langu lina karibu miaka 20 na bado linafanya kazi ya siku lilipozaliwa.

Hapa niseme kuhusu kuachia fri, yaani kuteremka mlima gari likiwa halipo kwenye gia. Kwenye miteremko ya Gairo niliwaona wawili watatu, na Kitonga, kule njia ya Iringa, ndiyo zaidi. Wazee wetu walifanya hivyo enzi za kabureta. Gari la injekta ukiacha kukanyaga likiwa kwenye gia, kompyuta inakata petroli kabisa, sifuri, magurudumu ndiyo yanazungusha injini. Ukiweka fri, injini lazima ichome mafuta ili isizime. Unapoteza mafuta na unapoteza nguvu ya injini ya kushikilia gari. Naomba sana tuache, watu wamekufa kwa hili.

Wiki iliyofuata nilikwenda tena, peke yangu, na kwenye kurudi nikabadilisha kitu kimoja: palipo wazi na pasipo na kibao nilishika 110 badala ya 90. Lita 42. Imeshuka hadi 10.4, na nilikuwa na mzigo mdogo zaidi. Nilitangulia kufika kwa dakika 35 tu, maana vibao vya 50 na matuta vinakurudisha pale pale. Tuseme lita ni 3,000 kurahisisha hesabu, bei ya kweli EWURA wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Zile lita karibu nane za ziada ni shilingi 23,700 kwa dakika 35. Upepo ndiyo sababu: kutoka 90 kwenda 110 mwendo umeongezeka kama asilimia 22, lakini ukinzani wa upepo umeongezeka karibu asilimia 50.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nitake kurekodi.

Nilipolinunua gari hili kwa mtu, safari yangu ya kwanza Morogoro lilinipa 9.7. Kila niliyemwuliza alisema ndiyo Crown ilivyo, uza. Nikabadilisha plagi, nikasafisha throto, nikajaza upepo, likafika 10.3. Nikakata tamaa kidogo. Halafu alfajiri moja nikiwa Chalinze nikaona mshale wa joto unashuka. Mjini unakaa katikati, ukiingia barabara kuu na baridi unashuka. Nikampelekea fundi mmoja mtulivu sana, akachomeka mashine, tukaenda kulijaribu barabarani. Kwenye 90, joto la maji lilikuwa nyuzi 62. Linapaswa kuwa zaidi ya 80. Akafungua nyumba ya temostati, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Ndani hamna kitu. Fundi fulani huko nyuma aliitoa akaitupa.

Mnajua kwa nini wanaitoa. Gari linachemka, labda rejeta imeziba, labda feni haifanyi kazi, mteja ana haraka. Temostati inatolewa, maji yanazunguka muda wote, gari linapoa, mteja anashukuru. Lakini kompyuta ya gari inaona injini bado haijapata moto, inaendelea kuongeza petroli kama vile umewasha asubuhi. Oili inabaki nzito. Gia ya mwisho nayo inaweza kucheleweshwa kuingia. Na kadiri unavyokimbia ndivyo upepo unavyozidi kulipoza, kwa hiyo hasara inakuwa kubwa zaidi pale pale ambapo gari lilipaswa kukupa nafuu. Tulifunga temostati mpya, tukasafisha rejeta, na safari iliyofuata ya Morogoro ilitoa 11.9. Inaniuma nikifikiria watu waliouza magari mazuri kwa bei ya kutupa wakiamini yanakula, kumbe kilichokosekana ni kifaa kinachoingia kwenye kiganja cha mkono.

Kwa hiyo ukienda kuangalia Crown au Mark X ya kununua, usiishie kuzunguka mtaa. Liombe barabara ndefu, dakika 20, na umwangalie huyo mshale wa joto. Ukisimama kwenye taa, sikiliza kama gari linatetemeka. Injini hizi, kwa kuwa petroli inaingia moja kwa moja kwenye silinda, valvu za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, zinajenga masizi. Hayo yanasafishika, ila ingia ukijua na upunguziwe bei.

Na zile namba za ulaji wa mafuta za Japani zinazoandikwa kwenye matangazo ya magari, za kipimo cha 10-15, zisikushike sana. Jaribio lile lilikuwa la maabara, kilomita 4.16 tu, wastani wa mwendo 22.7 kwa saa, kikomo 70. Hakuna Gairo mle ndani.

Nimalizie na kaka mmoja aliyeniandikia. Anaishi Mbagala, kazi yake iko Posta, ana IST ya cc 1,500 na anataka kuingia Crown kwa sababu aliona video yangu ya Morogoro. Kaka, nimekufanyia hesabu yako peke yako. Jumapili ile ya kurudi kutoka Dodoma tuliongozana na IST ya shemeji yangu, tukapima sheli moja. Yeye alipata 14.9. Kwa hiyo kwa kilomita zile 438 mimi nilichoma lita 4.7 zaidi yake, shilingi elfu 14. Kwa kiti nilichokaa, elfu 14 sioni shida kuilipa. Halafu nikapima wiki nzima ya mjini, Tegeta hadi Posta, asubuhi na jioni. Crown ilitoa 6.3. IST yake mjini inampa 11. Kilomita hizo hizo 438 ukizitembea kwenye foleni, tofauti ni karibu lita 30. Elfu tisini. Gari hili likisimama tu na AC imewashwa linachoma karibu lita moja kwa saa, na wewe foleni ya Kilwa Road unaijua kuliko mimi. Baki na IST yako. Ukitaka kwenda kwenu Singida mwisho wa mwaka, nitafute, tutaondoka pamoja saa kumi na moja, na utaendesha wewe kuanzia Chalinze.