Muvi Tatu za Wikiendi: Nairobi Half Life Imezifunika Zote

Mambo vipi wadau wangu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sitawazungusha, maana kuna kitu kinanikereketa tangu Jumamosi usiku na nisipokisema hapa sijui nitamwambia nani. Wikiendi hii nimejifungia ndani na muvi tatu, zote za huku kwetu Afrika Mashariki. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, Supa Modo ya Likarion Wainaina, halafu nikairudia Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga. Mpango ulikuwa kila moja ipate dakika zake. Haitawezekana. Hiyo ya Nairobi imekula nafasi yote, kwa hiyo tuelewane mapema.

Hadithi yake siisimulii, wengi mnaijua. Kijana wa kijijini, anaitwa Mwas, anataka kuwa mwigizaji. Anakuja Nairobi, anaporwa, anaangukia kwa wezi wa vipuri vya magari. Ilitoka 2012, na ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuipeleka kuwania Oscar. Basi, hayo yametosha. Ninachotaka leo nikuoneshe ni kimoja tu: namna Joseph Wairimu anavyoigiza mtu anayeigiza. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani, na jamaa ameifanya mpaka basi.

Ngoja nirudishe mwanzoni kabisa. Nimezima sauti makusudi, mtazame mwili tu. Mwas anauza dvd kijijini. Sasa muuzaji wa kawaida angekutajia jina la muvi na bei, mkaachana. Huyu anakuchezea muvi yenyewe hapo hapo mbele ya watu! Yeye ndiye steringi, yeye ndiye adui, yeye ndiye anayepiga, na yeye huyo huyo ndiye anayepigwa. Umeona mabega? Umeona alivyojitanua? Hajui hata nusu ya ufundi wa kuigiza, anatumia nguvu kupita kiasi, kila kitu kikubwa, macho yamemtoka. Na Wairimu anajua kabisa kwamba Mwas anazidisha. Hapo ndipo utamu ulipo. Anakuonesha mwigizaji asiyefundishwa, lakini mwenye kipaji unachokiona waziwazi. Mwigizaji wa kawaida angemfanya Mwas aonekane mjinga tucheke. Huyu anamfanya uipende ile hamu yake.

Sasa tunasogeza mbele mpaka selo. Mwas bado mgeni mjini, kila kitu kimeshachukuliwa, na badala ya kusaidiwa anajikuta yeye ndiye yuko ndani. Mle kuna wakubwa, na mgeni anapewa kazi ya kusafisha choo. Wadau, kile choo, acha kabisa, mimi nilisogeza sahani ya chakula pembeni. Tazama pale anapokisogelea. Shingo inarudi nyuma huku miguu inakwenda mbele. Yale mabega ya muuza dvd yameshuka yote. Ni mtu yule yule, mbele ya watu wengine wanaomtazama, ila safari hii hadhira ndiyo yenye nguvu. Na humo humo ndani ndimo anamokutana na Oti. Oti ni marehemu Olwenya Maina, alitutoka 2022, na kila nikimtazama kwenye hii muvi naumia. Alikuwa na ule utulivu wa mtu ambaye hahitaji kupaza sauti ili aogopwe.

Halafu kuna jukwaa. Mwas anapata nafasi kwenye mchezo wa kuigiza, mjini, na watu waliosoma. Sasa washa sauti usikilize. Akiwa na wenzake wa mtaani ni Sheng, ile lugha ya vijana wa Nairobi, haraka haraka, maneno yanaungana. Kwao kijijini kuna Kikuyu. Kwenye mazoezi ya mchezo anaanza kupima kila neno. Wairimu habadilishi lugha peke yake, anabadilisha na pumzi! Rudisha usikilize tena kama huniamini. Ndiyo maana walipompa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Durban mwaka ule ule wa 2012, mimi naona walimpa haki yake. Mwisho sitausema. Ila ukifika dakika za mwisho, mkumbuke yule kijana wa dvd, halafu utazame mabega yake yako wapi.

Na hapa nichomekee jambo moja, nivumilieni. Yule Mwas wa dvd sisi tunamjua. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuoneshea muvi, tumelelewa na watu wa namna ile. Marehemu Lufufu hapa kwetu, DJ Afro kule Kenya, watu waliochukua muvi ya Kichina au ya Kihindi wakakupa kwa Kiswahili, huku wakiongeza maneno ambayo mhusika hakuyasema wala hakuyawaza. Kuna watu wanawadharau. Mimi siwadharau hata kidogo, nawaheshimu sana. Wale walikuwa wanaigiza peke yao wahusika kumi kwa sauti moja, na kibanda kizima kimetulia tuli.

Ninachokichukia, na hili nalisema kwa uchungu, ni hizi chaneli zinazokumalizia muvi nzima kwa dakika kumi. Anakupa mwanzo, kati na mwisho kwa sauti ya kompyuta, halafu unasema umeiona. Hujaiona! Utaelezewaje shingo inayorudi nyuma? Sitaji jina la mtu, lakini ndugu zangu, mnaiba jasho la watu.

Haya, Vuta N'kuvute. Riwaya ya Adam Shafi wengi tuliisoma kidato cha tano na sita, kwa hiyo Yasmin na Denge siwatambulishi. Zanzibar ya miaka ya hamsini, ukoloni wa Mwingereza, binti anakimbia ndoa aliyolazimishwa, kijana anahangaika na siasa za ukombozi. Filamu ilioneshwa kwenye tamasha la Toronto 2021, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar, mara ya kwanza tangu filamu ya Maangamizi mwaka 2001. Miaka ishirini na zaidi, jamani!

Kwa macho, hii ndiyo nzuri kuliko zote tatu. Kuta, giza, vichochoro vya Mji Mkongwe, unatamani usimamishe kila baada ya muda utazame tu. Gudrun Columbus anamcheza Denge kwa kujizuia, na Ikhlas Gafur Vora anamcheza Yasmin kwa ukimya mwingi. Mwanzoni ukimya ule ulinichosha, nilitaka waseme! Riwaya inasema sana, ina vicheko, ina vituko vya mtaani, filamu imeviacha vingi. Lakini kadiri ninavyozungumza nanyi hapa naona yale macho ya Yasmin yananirudia, kwa hiyo naipandisha. Na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji hasa, yule wa Siti and the Band, anaingia kama Mwajuma na skrini inachangamka. Kila anapotoka namngoja arudi.

Ushauri kwa mnaotazama nyumbani, hasa hii yenye sauti za chini chini. Mkiona mazungumzo hayasikiki halafu muziki ukija mnakimbilia rimoti, tatizo mara nyingi liko kwenye mpangilio. Sauti ya sinema hutengenezwa kwa spika nyingi, na mazungumzo huwekwa zaidi kwenye spika ya katikati. Tivii yako ina spika mbili ndogo zinazotazama chini au ukutani. Ingia kwenye mpangilio wa sauti, toa 5.1, yaani ile ya spika nyingi, weka stereo, ya spika mbili. Kama kuna hali ya usiku, iwashe, inapunguza tofauti ya kelele na mnong'ono. Au vaa hedifoni. Mimi hii niliitazama kwa hedifoni mwanzo mwisho, na mawimbi ya bahari niliyasikia nyuma ya mazungumzo, kitu ambacho kwenye spika za tivii hakikuwepo kabisa.

Supa Modo ni fupi, haifiki hata saa moja na nusu, na kama una watoto anza nayo. Jo ni mtoto anayeumwa ugonjwa usiopona, anapenda muvi za mashujaa, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea muvi yake. Stycie Waweru, mtoto yule, hana hata chembe ya kujilizaliza. Ila ninachowaambia ni hiki: jina la Mugambi Nthiga limo kwenye waandishi wa hii. Mugambi Nthiga ndiye aliyemcheza Cedric, yule wa kwenye mchezo wa jukwaani na Mwas, katika Nairobi Half Life! Na zote mbili zimetoka kwenye mradi wa One Fine Day, ule wa mwongozaji Tom Tykwer wa Ujerumani na wenzake wa Nairobi, uliotoa pia Soul Boy, Something Necessary, Veve na Kati Kati. Ukizitazama mfululizo unaona watu wale wale wanakua, leo mwigizaji, kesho mwandishi, keshokutwa mwongozaji. Bongo tunahitaji kitu kama hicho, na tunakihitaji jana.

Bei, maana najua mtauliza. Bando bado ni mwiba. Wenzetu Kenya walipewa Netflix ya bure kwenye simu kuanzia 2021, ikafungwa 2023, sisi hata hiyo hatukuionja. Kwa hiyo kama unatumia data ya simu, pakua usiku kwa bando la usiku, chagua ubora wa kati, kwenye skrini ya simu hutaona tofauti kubwa. Vuta N'kuvute peke yake ndiyo ningekuomba uigharamie ubora wa juu, giza lake likibanwa linakuwa vipande vipande.

Mpangilio wangu kwa sasa: Nairobi Half Life juu, Vuta N'kuvute inaifuata kwa karibu sana, Supa Modo ya tatu, na hiyo ya tatu nayo ni nzuri. Wiki ijayo nakuja na Kati Kati na Lusala, na Lusala ameiongoza huyo huyo Nthiga, kwa hiyo itafuteni kabla hatujakutana. Maikrofoni mpya imefika, niambieni kama sauti mnaipata vizuri. Na niandikieni hapo chini mwigizaji gani wa Bongo mngempa nafasi ya Mwas, mniambie na sababu, nitayasoma yote.