Discord kwa Igizo la Maandishi: Uwanja Unaolinda Zamu ya Mchezaji
Kwa wanaoigiza wahusika kwa maandishi, Discord, programu ya mazungumzo ya mtandaoni iliyoanza mwaka 2015, ina jambo moja ninalolithamini kuliko yote: huruhusu kutenganisha chaneli (yaani chumba cha ujumbe) ya hadithi na ile ya mazungumzo ya kawaida, hivyo ugomvi wa wahusika hauchukuliwi kuwa ugomvi wa wachezaji. Msimamizi anaweza pia kuweka muda wa kusubiri baina ya ujumbe na ujumbe wa mtu mmoja, kuanzia sekunde 5 hadi saa 6, na mwandishi wa polepole akapata nafasi ya kujibu kabla tukio halijampita. Ujumbe uliohaririwa huwekewa alama.

Hata hivyo, hakuna programu iwezayo kumzuia mtu kuandika kwamba upanga wake umekwisha kumkata mhusika wa mwenzake, badala ya kuandika kwamba ameuinua na kumwachia mwenye mhusika aamue kama ameumia au amekwepa. Mimi nilimpoteza namna hiyo mhusika niliyemlea kwa miezi kadhaa, na iliniuma sana. Kanuni ya kumwachia mwenye mhusika uamuzi huo ibandikwe juu ya chaneli kabla ya tukio la kwanza kuandikwa.