Vita vya Kagera: mke abaki ukweni au arudi kwao?

Mwalimu Nyerere alipotangaza vita dhidi ya Uganda ya Idi Amin Novemba 1978, huku Mbeya mvua za kupandia zilikuwa zinaanza. Wanajeshi na mgambo wakaondoka wakati jembe linahitaji watu wawili. Mke aliyeachwa na watoto alikuwa na njia mbili.

Kurudi kwao kulikuwa na faraja. Mama anakupokea mtoto, na hakuna anayekuhesabia chumvi. Ila shamba ni la kaka zako.

Kubaki ukweni kulichosha mno. Bibi yangu alibaki, Rungwe. Alikwenda shambani umande haujakauka, mtoto mgongoni, akirudi anampikia mama mkwe. Jioni walikusanyika kwa jirani mwenye redio, na taarifa ya habari ikianza hata watoto walinyamazishwa. Kampala ilipotekwa Aprili 1979, mahindi yake yalikuwa bado shambani.

Mimi naona alichagua vizuri, ingawa ilimgharimu mgongo wake. Shemeji zake walikuwa wanalitamani lile shamba. Walishindwa pa kuanzia, maana kila asubuhi walimkuta yeye humo, ameinama, anapalilia.