Stendi ya kupigia gitaa jukwaani: kwangu imefaa, kwako itategemea bendi

Bendi ya dansi yenye magitaa yake kamili, yaani solo, rithimu na besi, haina haja na kifaa hiki. Wimbo ukitaka gitaa kavu mwanzoni, mmoja analishika, mwenzake anasubiri na la umeme, mambo yanakwenda. Wenye taabu ni sisi tunaopiga kwenye vikundi vidogo vya hotelini na harusini: kinanda, ngoma, mwimbaji, na mpiga gitaa mmoja anayetakiwa afanye kazi ya watu watatu. Wimbo unaanza taratibu na gitaa kavu, kiitikio kinadai la umeme, na katikati hakuna hata nafasi ya kujifuta jasho. Ndiyo maana utamsikia mwimbaji akiwauliza wageni "mpo?", wanajibu wapo, anauliza tena, kumbe nyuma yake kuna mtu anahangaika kuvua mkanda mmoja avae mwingine.

Stendi ninayoizungumzia si ile ya kuegeshea gitaa sakafuni wakati wa mapumziko. Hii inalinyanyua gitaa hadi usawa wa tumbo na kulishika kwa ubavu, vilevile ambavyo lingekaa ungelivaa. Unasimama nyuma yake, unaweka mikono, unapiga. Sehemu yake ikiisha unarudi hatua moja, unalivuta mbele la umeme lililokuwa linaning'inia mgongoni, unaendelea bila kukosa mdundo. Steve Howe wa kundi la Yes la Uingereza anajulikana kwa mtindo huu tangu zamani, na nadhani sababu yake haitofautiani na yetu: alipojiunga nao mwaka 1970, ukimwacha wa besi, mpiga gitaa alikuwa yeye tu.

Niliagiza nje. Maduka ya vyombo vya muziki niliyoyazungukia Kariakoo yalikuwa na za kuegeshea tu, na muuzaji mmoja alinitazama kwa huruma nilipomweleza ninachotaka. "Kaka, si uvae mkanda?" Bei yake, ukijumlisha na usafiri, inakaribia kununua gitaa kavu la mwanafunzi, kwa hiyo si kitu cha kujinunulia kwa kujifurahisha.

Yangu ina miguu mitatu, bomba la katikati linalopanda na kushuka, mikono miwili ya chini inayobeba mwili wa gitaa, na uma wa juu unaoshika shingo pale inapoungana na mwili. Pale, si kule kwenye freti za kwanza (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo), la sivyo mkono wa kushoto ungekosa njia. Kwa kodi za kawaida, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, mkono unateleza vizuri, tena kwa raha zaidi kuliko ukiwa umelivaa, kwa sababu shingo haiinami na huhitaji kuishikilia. Lakini usitegemee kupanda freti za juu. Uma uko njiani, na hata gitaa lenye mkato upande wa chini halikusaidii sana.

Mkono wa kulia ndio unaochelewa kuzoea. Gitaa ulilolivaa unalibana na kigasha, nalo linaegemea tumbo, mnakuwa kitu kimoja. Hapa halikuegemei. Ukilikandamiza linayumba, ukipiga kwa nguvu za sebene linatikisika na stendi yake. Inabidi mkono uwe mwepesi, wa kudonoa na kupapasa. Kwa mianzo ya rumba na nyimbo za mapenzi hilo halinisumbui, ndivyo zinavyotakiwa kupigwa. Ila mpigaji aliyezoea kucheza na gitaa lake, kuinama nalo, kugeukia ngoma, kusogea mbele kumtania mwimbaji, atajiona amefungwa kamba. Mimi hukaa pale kwa ubeti mmoja, miwili ikizidi, kisha naondoka.

Kuna watu huwaza kuligeuza jambo: la umeme likae kwenye stendi, la kavu livaliwe. Sishauri. Gitaa kavu lina kama kilo mbili. La umeme la aina ya Les Paul hupita kilo nne, na uzito wote huo uko juu, mbele ya bomba. Hata kwa lililo jepesi, hakikisha mguu mmoja wa stendi umeelekea mbele, chini ya gitaa. Miguu miwili ikiangalia wageni na mmoja ukikuangalia wewe, sogeo dogo la mtu aliyekuja kutunza linatosha kuliangusha. Na harusi zetu mnazijua, watu hupanda jukwaani wanacheza, noti mkononi, macho kwa bibi harusi.

Kero ambayo maelezo ya muuzaji hayakuigusa kabisa ni miluzi. Gitaa kavu lenye kinasa sauti ndani yake likiachwa wazi mbele ya spika halitulii. Besi inalitikisa, ngoma inalitikisa, nyuzi zinaitika zenyewe, na baada ya muda mfupi unasikia ule mvumo unaokua hadi fundi mitambo anaanza kukupungia mikono. Stendi haina kosa, lakini ndiyo inayoliweka gitaa mahali hapo bila mtu wa kuzishika nyuzi. Dawa ni pedali ya kutyuni yenye kuzima sauti: unaikanyaga kabla ya kurudi nyuma, inakuwa sehemu ya hatua zenyewe. Bila pedali hiyo, au angalau ya kupandisha na kushusha sauti, usinunue stendi.

Jambo jingine ni mikwaruzo. Skrubu za kukazia ziko upande wa mpigaji, na upande huohuo ndiko gitaa la umeme linakopita likivutwa kutoka mgongoni. Nimezivisha kitambaa kinene. Halafu chunguza raba zinazogusa gitaa. Magitaa mengi ya kampuni ya Gibson, na mengine ya thamani, hupakwa vanishi ya nitroselulosi, ambayo huchubuka au kubadilika rangi ikikaa muda mrefu juu ya aina fulani za raba na sponji. Gitaa langu si la daraja hilo, hata hivyo usiku ukiisha nalitoa, siliachi lilale juu ya stendi.

Kwa hoteli za pwani ongeza chumvi. Upepo wa bahari hauchagui, skrubu zinaanza kuota kutu kabla ya rangi ya bomba kuchoka. Kuzipangusa na tone la mafuta ya cherehani kunatosha. Gitaa lenyewe pia, kwa kuwa linasimama wazi usiku kucha chini ya taa, hupoteza tyuni haraka kuliko lile lililoko mwilini mwako. Joto hulegeza nyuzi. Nalisikiliza kabla ya wimbo wake, sio mwanzo wa onyesho tu.

Je, hakuna njia nyepesi? Zipo. Pedali ya kuiga sauti ya gitaa kavu inaingia mfukoni, na mgeni anayekula samaki wake hatatofautisha. Yapo pia magitaa ya umeme yenye kinasa cha pili ndani ya daraja la nyuzi, kama Parker Fly iliyotoka miaka ya 1990, unageuza swichi tu unapata sauti inayokaribia ya mbao. Kwa anayesafiri kwa bajaji na magitaa mawili tayari yamebanana na magoti, sina ubishi naye. Mimi nilibaki na stendi kwa sababu ya vidole: nyuzi za gitaa kavu ni nene, ziko mbali na shingo, na mkono unapiga tofauti unapozikuta. Pedali inabadilisha sauti, mkono unabaki uleule wa umeme.

Ukiamua kutafuta, zipo pia zisizo na miguu, zinazofungwa juu ya stendi ya maiki. Ni nafuu kubeba kama ukumbi una stendi zake, lakini itake yenye kitako kizito cha chuma cha duara, sio ile nyepesi ya miguu ya kukunja. Na uliza ukubwa wa nati, pale kifaa kinapofungwa juu ya stendi. Stendi za maiki za Marekani kwa kawaida ni inchi 5/8, za Ulaya nyingi ni 3/8, na ukumbi mmoja waweza kuwa na zote mbili. Kipande cha kuunganishia ni cha bei ndogo sana. Chukua viwili, kimoja kikae ndani ya begi la gitaa.