Mfalme wa Sweden na wa Norway: nani bado ana kalamu?

Sweden ilimaliza mambo mapema: katiba iliyoanza kutumika 1975 ilimvua mfalme karibu kila kitu. Hasaini sheria, na anayependekeza waziri mkuu ni Spika wa Bunge.

Norway bado ina katiba ya 1814, yenye marekebisho mengi. Kwa kawaida kila Ijumaa mawaziri hukutana na mfalme ikulu, Oslo. Mfalme anatia saini sheria na maamuzi ya serikali, waziri mkuu naye anasaini. Wapenda jamhuri huona hiyo ni desturi tupu. Mimi sikubali. Aprili 1940 Wajerumani, waliokuwa wameivamia Norway, walimtaka mfalme wake, Haakon VII, amteue Quisling, mwanasiasa wa Norway aliyewaunga mkono, kuongoza serikali. Aliwaambia mawaziri wake ni afadhali aachie kiti. Mfalme wa Sweden leo hana hata cha kukataa.