Mtindi kwa anayepunguza uzito: upi ununue, upi uuache kwenye friji ya duka

Kwenye friji ya duka mtindi hujaa maneno: "mafuta sifuri", "mwepesi", "asilia", na mara nyingi picha ya kiuno chembamba. Mimi upande huo wa kopo nimeacha kuusoma. Nageuza nyuma nitafute mambo matatu: sukari, protini na orodha ya viambato. Hayo yakikaa vizuri naweka kapuni. Yasipokaa vizuri, narudisha.

Sikuanza hivyo. Kwa miezi kadhaa kifungua kinywa changu kilikuwa mtindi wa stroberi usio na mafuta, nikiamini kabisa kwamba najinyima. Uzito haukusogea, na ikifika saa nne asubuhi njaa ilikuwa inanikaba kana kwamba sijala kitu. Siku niliyogeuza kopo ndipo nilipoelewa. Kopo lilikuwa la gramu 150, na katika kila gramu 100 kulikuwa na sukari gramu 13 na protini gramu 4 tu. Kumbe kila asubuhi nilikuwa naanza siku kwa kitindamlo.

Hesabu ya sukari

Hapa watu hukosea kwa namna mbili: wapo wasioitazama sukari kabisa, na wapo wanaokimbia hata ile isiyo na kosa. Maziwa yana sukari yake ya asili iitwayo laktosi. Bakteria wanaoyagandisha hula sehemu ya laktosi hiyo na kuigeuza asidi, ndiyo ule uchachu unaousikia ulimini, lakini hawaimalizi yote. Kwa hiyo hata mtindi usiotiwa kitu chochote huonyesha sukari ya gramu 4 hadi 5 hivi kwa kila gramu 100, na ule ulioongezewa unga wa maziwa waweza kukaribia 8. Usiiogope hiyo.

Chukua namba ya sukari iliyoandikwa kwa gramu 100, toa 5. Kinachobaki, kwa makadirio, ni kile kilichoingizwa kiwandani, kiwe sukari yenyewe, sharubati au matunda yaliyopondwa. Kopo langu la stroberi lilikuwa na 13. Ukitoa 5 inabaki 8. Kwa kopo zima la gramu 150 ni gramu 12, sawa na vijiko vitatu vya chai vya sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za kuongeza zisizidi asilimia 10 ya nishati tunayokula, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, asilimia 5 hiyo ni gramu 25 hivi. Maana yake karibu nusu ya fungu la siku nzima nilikuwa naimaliza kabla sijatoka nyumbani. Bidhaa zenye lebo ya Marekani zinakurahisishia, kwa sababu sukari iliyoongezwa huandikwa kwenye mstari wake peke yake.

Kisha soma viambato. Huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Mtindi mzuri una orodha fupi mno: maziwa na bakteria wa kugandishia. Ukikuta sukari inashika nafasi ya pili baada ya maziwa, huna haja ya kuendelea kusoma.

Kwa nini protini

Mtindi hauyeyushi mafuta ya mwili, na yeyote anayekuambia hivyo anakuuzia kitu. Kazi yake ni kukushibisha kwa kalori chache, ili mlo unaofuata usiuvamie. Chakula chenye protini nyingi hushikilia tumbo kwa muda mrefu kuliko chenye sukari, na kwa mtu anayepungua protini hiyo pia husaidia misuli isiondoke pamoja na mafuta. Utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2011 katika The New England Journal of Medicine, uliofuatilia Wamarekani zaidi ya 120,000, ulikuta waliozidisha kula mtindi waliongezeka uzito kwa kiasi pungufu kuliko wengine. Tofauti yenyewe kwa kila miaka minne haikufika hata nusu kilo, na utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo yanayoandamana, hauthibitishi kwamba moja ndilo lililoleta jingine. Nautaja ili ujue ukubwa wa kitu unachokinunua: ni msaidizi mzuri, basi.

Nafasi ya kwanza: mtindi mtupu uliochujwa

Huu ndio wengi wanaouita wa Kigiriki. Kwa kuwa maji yake yamechujwa, kilo moja huhitaji maziwa lita tatu hadi nne, na ndiyo sababu bei yake huwa juu. Lakini tazama unachopata: ule usio na mafuta una protini gramu 10 hivi kwa kila gramu 100, kalori zipatazo 60, na sukari chini ya gramu 4, maana sehemu ya laktosi imeondoka na maji. Bakuli la gramu 200 linakupa protini gramu 20 kwa kalori 120 tu. Sijui kifungua kinywa kingine kisichohitaji jiko kinachoweza kushindana nalo.

Skyr, yenye asili ya Iceland, naiweka hapahapa. Ni nzito zaidi, protini yake hulingana na hiyo au huizidi kidogo, na uchachu wake ni wa upole. Kati ya hizi mbili nunua iliyo nafuu siku hiyo.

Ila kuna mtego. Soma kwa makini kama kopo linasema mtindi wa Kigiriki au mtindi wa "mtindo wa Kigiriki". Huo wa pili mara nyingi haukuchujwa. Uzito wake unaweza kuwa umetokana na wanga, jelatini au krimu, na ukigeuza kopo utakuta protini gramu 4 au 5, huku mafuta yakifika 10. Kijiko kinasimama ndani yake vilevile, ulimi hauoni tofauti, lakini njaa itaiona kabla ya saa sita. Kwa mtindi unaodai kuchujwa, protini iwe angalau maradufu ya sukari. Isipofika hapo, kuna jambo.

Nafasi ya pili: mtindi mtupu wa kawaida

Kwa mfuko wa watu wengi huu ndio chaguo sahihi, na ningependa usifiwe kuliko unavyosifiwa. Uliotengenezwa kwa maziwa yasiyopunguzwa mafuta una kalori 60 na kidogo kwa kila gramu 100, protini gramu 3.5 na mafuta kiasi kama hicho. Uliopunguzwa mafuta hukaribia kalori hizohizo, kwani mara nyingi huongezewa unga wa maziwa, na protini yake hupanda hadi 5. Nunua kopo kubwa. Vikombe vidogo vidogo vinakulipisha plastiki.

Mafuta yaachwe au yaondolewe?

Swali hili huulizwa kuliko yote, na jibu linategemea mtindi upi. Kwa wa kawaida tofauti ya kalori ni ndogo mno, chagua unaoupenda. Kwa uliochujwa inaonekana: wenye mafuta yote hufika kalori 97 hivi kwa gramu 100, wakati usio na mafuta uko kwenye 60. Ukila gramu 200 kila siku, hizo ni kalori zaidi ya 70 kwa siku, na kwa mwezi zinajumlishika. Mimi hununua wa katikati, wenye mafuta asilimia 2, kwa sababu ule mkavu kabisa ulikuwa unanisukuma kuutia asali. Hiyo ndiyo biashara mbaya: kuondoa mafuta ya maziwa na kuweka sukari mahali pake. Kama bakuli dogo lenye mafuta linakutosheleza, kula hilo bila wasiwasi.

Nafasi ya tatu: wa soya usio na sukari

Kwa asiyetumia maziwa, soya ndiyo pekee katika mitindi ya mimea inayonipa amani, maana protini yake hulingana na ya mtindi wa kawaida, gramu 4 hivi. Hakikisha pameandikwa kuwa haujatiwa sukari na kuwa umeongezewa kalsiamu, kwa kuwa soya yenyewe haina nyingi kama maziwa. Wa nazi ni mtamu kweli, lakini una mafuta mengi yaliyoshiba na protini karibu na hakuna. Wa mlozi mara nyingi nao ni hafifu. Hiyo uile kwa kufurahia, usiihesabu kama mlo wa kukushibisha.

Nafasi ya nne: wenye ladha, uliotiwa vitamu visivyo na sukari

Kalori zake ni chache na protini yake wakati mwingine ni nzuri, hasa ukiwa umechujwa. Lakini mwezi Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kutotegemea vitamu hivyo katika kudhibiti uzito, kwa kuwa manufaa ya muda mrefu hayakuonekana. Kwangu tatizo lake ni jingine: ulimi unabaki palepale, ukidai utamu kila asubuhi. Anayetoka kwenye mtindi wa sukari anaweza kuutumia wiki kadhaa kama daraja.

Daraja bora kuliko hilo ni kuchanganya. Chukua nusu ya ule wa matunda uliouzoea, nusu mtupu. Wiki ya pili punguza wa matunda ubaki robo. Wiki ya nne mimi nilikuwa natia vipande vya tunda tu, na ule wa stroberi nilipouonja tena niliona umezidi utamu.

Mwishoni kabisa

Mtindi wa matunda, wenye karameli, wenye kifuko cha biskuti au chokoleti juu: sukari ya gramu 12 hadi 19 kwa gramu 100 ni ya kawaida humo. Wa kunywa una kasoro ya ziada, kwamba chupa nzima inaisha kwa mikupuo minne na tumbo halijajua kama limekula. Ulioganda barafu uweke fungu moja na aiskrimu, uule siku ya sherehe.

Unachotia juu kinaweza kufuta yote

Kijiko kikubwa cha asali ni kalori 64 hivi. Nafaka zilizookwa kwa sukari na mafuta huvuka kalori 400 kwa gramu 100, na mkono haupimi unapozimimina. Nimeona watu wakinunua mtindi wa kalori 60 na kuupandisha hadi 400 kabla kijiko hakijafika mdomoni. Tunda zima lililokatwa ndilo jibu, pamoja na mbegu au karanga chache za kutafuna. Mdalasini nao hudanganya ulimi vizuri usikie utamu usiokuwepo.

Bakteria hai

Mtindi hugandishwa na Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, huyu wa pili akipewa jina la Bulgaria, nchi ya Stamen Grigorov aliyemgundua mwaka 1905. Tafuta kopo linalosema bakteria wako hai, kwa sababu baadhi ya viwanda hupasha mtindi moto baada ya kuganda ili ukae muda mrefu, na joto hilo huwaua. Kwa uzito wako hilo lina uzito mdogo kuliko sukari na protini. Kwa mtu ambaye maziwa humvuruga tumbo, hata hivyo, ni jambo kubwa: bakteria hao wakiwa hai humsaidia kumeng'enya laktosi.

Kuchuja mwenyewe

Kama bei ya uliochujwa imekushinda, nunua mtupu wa kawaida, kilo moja, usiotiwa wanga wala jelatini, maana hivyo hushika maji yasitoke. Tandika kitambaa safi kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba juu ya chujio, weka chujio juu ya bakuli refu, mimina mtindi, funika, ingiza kwenye friji. Dakika za mwanzo utaona matone ya maji yenye rangi ya kijani-njano yakidondoka haraka, kisha yanapungua. Baada ya saa mbili umekuwa mzito. Ukiuacha usiku kucha, asubuhi ukivuta pembe za kitambaa unabanduka mzima kama jibini laini, ukiwa umebaki nusu kilo hivi. Protini nyingi imebaki humo, hivyo kwa kila gramu 100 sasa una gramu 6 hivi badala ya 3.5. Haufikii wa dukani uliochujwa vilivyo, lakini umekaribia kwa gharama ya kitambaa na subira. Koroga kabla ya kuugawa kwenye bakuli, uumalize ndani ya siku chache, na yale maji usiyamwage: kandia unga wa mkate, yana kalsiamu na uchachu mzuri.